James Eads, mtu aliyepandisha mchanga kutoka chini ya mto



Katika ukurasa huu wa watu mashuhuri tunawaletea leo maisha ya James Buchanan Eads, injenieri wa Marekani aliyekufa katika mwaka 1887. Kule kwao anajulikana sana, kwa sababu daraja kubwa la mji wa St. Louis linaitwa kwa jina lake mpaka leo. Sisi wote tumekwisha kuvuka daraja, lakini ni wachache wanaojiuliza juu ya taabu iliyo chini yake, pale macho hayafiki. Basi, tutaeleza namna gani mtu asiyemaliza shule alitengeneza pompi ya kupandisha mchanga kutoka chini ya mto. Tutaeleza pia namna gani mchanga ulimtii, lakini hewa ikamshinda.

1. Utoto wake

Eads alizaliwa tarehe 23 Mei 1820 katika mji mdogo wa Lawrenceburg, jimbo la Indiana. Baba yake alikuwa mtu wa biashara, lakini biashara zake hazikuwa na bahati, na jamaa ilikuwa inahama kutoka mji mmoja mpaka mwingine. Katika mwaka 1833, James akiwa na miaka 13, mama na watoto walipanda masua ya moshi kwenda St. Louis, kando ya mto Mississippi. Walipokuwa wanafika, masua ikawaka moto. Wao wenyewe wakaokoka, lakini vitu vyao vyote vikateketea. Wakashuka bandarini mikono mitupu. Mama akaanza kupokea wapangaji nyumbani ili watoto wapate chakula, na James akawa anauza matunda ya pome barabarani.

Shule ikaishia hapo. Kiisha akapata kazi katika magazini moja ya nguo. Bwana wa magazini, Barrett Williams, aliona kijana huyu anapenda kusoma, akamruhusu kuingia katika chumba chake cha vitabu nyuma ya masaa ya kazi. Humo ndimo Eads alimosomea habari za mashini, za maji na za chuma. Hakuwa na mwalimu wa kumsahihishia kazi yake, wala wa kumpa pointi. Sisi tulio na mwalimu mbele yetu kila asubuhi tufikiri kidogo juu ya neno hilo.

2. Mtu ndani ya pipa

Alipokuwa na miaka 18 hivi alianza kutumika kama karani ndani ya masua ya moshi. Siku zile mto Mississippi ndio ulikuwa barabara kubwa ya nchi. Masua zilibeba watu, pamba, na madini ya risasi. Zilizama mara nyingi: moja inapasuka mtungi wake wa mvuke, nyingine inatobolewa na mti uliolala ndani ya maji. Mali yote inakwenda chini, na mchanga unaifunika.

Katika mwaka 1842 Eads aliwaendea wajenzi wawili wa masua walioitwa Case na Nelson, akawaonyesha plani ya masua ya kuokoa mali iliyozama. Hakuwa na feza, alikuwa na wazo tu. Wakakubali kushirikiana naye.

Kazi moja ya mwanzo ilikuwa kutoa risasi iliyozama karibu na mji wa Keokuk. Walileta mzamiaji mwenye vazi lake la kuzamia, lakini maji ya pale yalikuwa ya mbio sana, yakamsukuma, hakuweza hata kusimama. Eads akaenda mjini, akanunua pipa kubwa la pombe, la litri 150 hivi. Akatoa mfuniko wa upande mmoja, akafunga vipande vizito vya risasi kwenye ukingo wake ili lizame, na juu akatia tiyo ya kupitishia hewa. Chukua kikombe, kigeuze mdomo chini, kisukume ndani ya maji: hewa inabaki ndani. Lile pipa lilikuwa vile vile. Mzamiaji akaogopa kuingia. Basi Eads akaingia mwenyewe, akateremshwa chini ya mto, akafunga risasi kwa kamba, nayo ikavutwa juu.

Toka siku ile alitembea chini ya mto miaka na miaka, na kule chini alijifunza jambo ambalo vitabu vya Bwana Williams havikumwambia. Watu walifikiri kwamba chini ya mto ni udongo uliotulia, sawasawa na sakafu ya nyumba. Sivyo. Karibu na mji wa Cairo, metre 20 chini ya maji, Eads alitaka kusimama akakosa pa kusimama. Mchanga wenyewe ulikuwa unatembea. Aliingiza miguu ndani yake karibu metre moja, na bado ulikuwa unakwenda pamoja na maji, kama uji mzito unaomwagika.

Hapo akashika kanuni moja iliyomtumikia maisha yake yote: maji ya mbio hubeba mchanga, na maji yakipunguza mbio, mchanga unaanguka. Kila mwanafunzi anaweza kuihakikisha. Tia mchanga na maji katika chupa, tikisa: mchanga unaruka na kuzunguka pamoja na maji. Acha kutikisa, hesabu mpaka kumi: mchanga wote umelala chini.

3. Deni na vita

Katika mwaka 1845 Eads aliacha mto, akafungua kiwanda cha vioo. Kikaanguka nyuma ya miaka miwili, kikamwachia deni la dola 25 000. Wakati ule hiyo ilikuwa feza ya kutisha. Hakukimbia. Waliomdai walimwamini, hata wakamwongezea dola 1 500 ili aanze tena kazi yake ya mtoni. Akarudi chini ya maji, akafanya kazi mpaka akalipa deni lote.

Masua zake za kazi zilizidi kuwa kubwa, tena zikawa na pompi za mzunguko zilizoendeshwa kwa mvuke. Pompi hizo zilivuta maji na mchanga kutoka ndani ya masua iliyozama, mpaka yenyewe ikapanda juu. Hivi Eads hakuokoa tena mali peke yake. Aliokoa masua nzima. Akawa tajiri, lakini kifua chake kikaharibika, na ugonjwa ule haukumwacha tena.

Katika mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani. Serikali ya kaskazini ilihitaji masua za vita zilizovikwa chuma. Eads akapatana kujenga saba. Mapatano yalifanywa mwezi wa Agosti, na mwezi wa Oktoba masua ya kwanza ilikuwa tayari ndani ya maji. Watu wakaanza kusema kwamba Bwana Eads akiahidi, anafanya.

4. Daraja ambalo wengi hawakulisadiki

Nyuma ya vita, mji wa St. Louis ulitaka daraja. Magari ya moshi yalikuwa yanafika ngambo ya mashariki na kusimama pale. Watu na mizigo ilibidi kuvushwa kwa masua. Wakati wa baridi mto ulijaa mabarafu na njia ikafungwa. Katika mwaka 1867 kazi ya daraja ilianza, na Eads ndiye aliyekuwa injenieri mkubwa, ingawa hakuwa amejenga daraja hata moja mbele ya pale.

Plani yake iliwashangaza watu. Alitaka matao matatu ya chuma cha pua, lile la katikati metre 158, na mawili ya kando metre 153 kila moja. Hakuna aliyekwisha kujenga tao la namna ile kwa chuma kile. Tena alitaka nguzo za mawe zishuke mpaka kwenye mwamba, chini kabisa ya mchanga wote. Wengine walisema ni kupoteza feza bure: mchanga wenyewe ni mzito, nguzo itakaa.

Hapo ndipo yale matembezi ya chini ya maji yalipoonyesha faida yake. Eads alijua kwamba mchanga ule haukai. Mto ukijaa, au mabarafu yakiziba juu na kulazimisha maji kupita chini kwa mbio, mchanga wa metre nyingi unachukuliwa kwa siku chache. Nguzo iliyosimama juu ya mchanga leo, kesho itakuwa imesimama juu ya maji. Kwa hiyo hakukubali kupunguza hata metre moja. Lazima mwamba.

Lakini namna gani kufika? Upande wa mashariki mwamba ulikuwa chini sana, na juu yake kuna maji, tena mchanga mwingi. Katika mwaka 1869 Eads, akiwa anatafuta afya huko Ulaya, alifika Vichy katika Ufaransa, akaona wanajenga nguzo za daraja kwa kutumia hewa iliyoshindiliwa. Akarudi na wazo lile, akalifanya kubwa kupita vile alivyoliona.

Njia yenyewe ni hii. Wanatengeneza sanduku kubwa mno la chuma, lisilo na sakafu. Mafundi wanaliita kesoni. Ile ya nguzo ya mashariki ilikuwa na urefu wa metre 25, na upana wa metre 18. Inateremshwa ndani ya mto, mdomo chini. Juu ya mgongo wake waashi wanajenga nguzo ya mawe. Ndani yake kuna chumba, na hewa inasukumwa humo kwa nguvu ili maji yasiingie. Watu wanashuka kwa ngazi katika kisima kilicho katikati ya nguzo, wanapita katika chumba kidogo chenye milango miwili, wanaingia, wanachimba mchanga. Waashi wanaongeza uzito juu, wachimbaji wanatoa mchanga chini, na nguzo inashuka polepole mpaka mwamba. Ni lile pipa la Keokuk, lakini pipa kubwa kama kanisa!

5. Pompi ya mchanga

Sasa fikiri kidogo. Watu wanachimba mchanga metre 20 au 28 chini ya maji. Mchanga huo utatokea wapi? Ukiupitisha kwa ndoo katika ule mlango wa hewa, kila safari inaleta taabu ya kufungua na kufunga, hewa inapotea, na watu wanachoka. Nguzo ingechukua siku nyingi mno, na siku nyingi chini ni hatari nyingi.

Kwa nini wasitie pompi ya kawaida? Pompi ya mkono au ya mvuke ya siku zile ilikuwa na kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya tiyo, pamoja na vifuniko vidogo vinavyofunguka na kujifunga. Mchanga ni adui wa vitu hivyo vyote. Unaingia katikati ya kizibo na tiyo, unakwaruza kama msasa. Changarawe moja inakwama kwenye kifuniko, nacho hakifungi tena. Kwa muda mfupi pompi nzuri inakufa.

Eads akatafuta pompi isiyo na kitu kinachotembea ndani yake, ila maji tu. Juu, kwenye masua ya kazi, mashini ya mvuke inasukuma maji safi kwa nguvu kubwa ndani ya tiyo inayoshuka mpaka chini. Kule chini maji yanapita kando ya tiyo ya pili, ile ya kupandishia mchanga, kiisha yanaingia ndani yake kwa mwanya mwembamba sana uliozunguka kama pete, na mwanya huo unaelekea juu. Maji yanapobanwa pale yanapata mbio kali, yanaruka kwenda juu. Nyuma yake nguvu ya kusukuma inapungua, na mdomo wa chini wa tiyo unaanza kunyonya. Wachimbaji wanasogeza mchanga uliolowa kwa majembe mpaka kwenye mdomo ule. Pompi inaunyonya pamoja na maji, na uji wote unapanda, unatoka juu, unamwagika mtoni. Hewa iliyoshindiliwa ndani ya kesoni nayo inasaidia kusukuma.

Wanafunzi wanaweza kuona kanuni hii bila mashini yoyote. Simamisha mrija katika glasi ya maji, juu ubaki nje kidogo. Chukua mrija wa pili, puliza kwa nguvu, hewa ipite juu ya mdomo wa ule wa kwanza. Maji yatapanda na kurushwa kama manyunyu. Pumzi yenye mbio imeyavuta.

Lakini kujua kanuni siyo kuwa na pompi. Lazima vipimo vilingane. Mwanya ukiwa mwembamba mno, maji yanayopita ni machache, hayawezi kubeba mzigo. Ukiwa mpana mno, maji yanapoteza mbio na kunyonya kunakwisha. Tiyo ya kupandishia ikiwa pana mno, uji unakwenda polepole, mchanga unaanguka nyuma na kuziba njia; ikiwa nyembamba mno, changarawe inakwama. Mchanga ukiwa mkavu pompi haiubebi. Maji yakizidi, unapandisha maji ya bure. Mambo kama hayo hayamalizwi kwa karatasi na kalamu peke yake. Inabidi kujaribu, kupima, kubadili, kujaribu tena.

Walipopata vipimo vizuri, matokeo yalikuwa haya. Pompi moja yenye tundu la santimetre 9 tu, yaani upana wa kiganja cha mkono, ilipandisha kwa saa moja metre kube 15 za mchanga mpaka urefu wa metre 36. Nguvu ya maji yaliyoiendesha ilikuwa karibu kilo 10 juu ya kila santimetre ya mraba. Hesabu mwenyewe: kama pusupusu moja inabeba litri 60, hizo ni pusupusu 250 kwa saa moja, zinazopandishwa juu kupita nyumba ya ngazi kumi. Mchanga ulikwaruza tiyo, ni kweli, lakini hapakuwa na kizibo wala kifuniko cha kuharibika.

Tarehe 28 Februari 1870 kesoni ya nguzo ya mashariki iligusa mwamba, metre 28 na nusu chini ya maji. Mji ulifurahi sana.

6. Hewa ilimshinda

Ndugu wasomaji, kama habari ingeishia hapo, ingekuwa tamu tu. Lakini tunaandika maisha, hatuandiki sifa.

Ndani ya kesoni hewa ilikuwa imeshindiliwa karibu mara 4 kupita hewa ya nje. Mwanzoni wafanyakazi walicheka, kwa sababu mambo mengi mle ndani yalikuwa ya ajabu: mishumaa iliwaka kwa haraka kupita kawaida, na mtu hakuweza kupiga mluzi. Halafu, nguzo ilipozidi kushuka, wengine walianza kutoka wakiwa na maumivu makali ya tumbo na ya viungo. Wengine miguu ikapooza. Hawakuumwa wakiwa chini. Waliumwa walipokwisha kutoka nje. Katika mwezi wa Machi 1870 vifo vikaanza. Mpaka mwisho wa kazi zile watu zaidi ya 10 walikufa kwa ugonjwa huo, na wengine wengi walipata taabu kubwa.

Eads alimweka daktari wake mwenyewe, Alphonse Jaminet, kuwaangalia watu, na masua moja ikawa hospitali. Daktari alishuka mwenyewe siku ile ile nguzo ilipogusa mwamba, akakaa chini masaa mawili na zaidi, kiisha akatoka kwa dakika tatu na nusu tu. Alipofika nyumbani mwili ukapooza, karibu afe. Alipopona akapunguza masaa ya kazi na kuongeza masaa ya kupumzika. Wakati wa kujenga nguzo ya ukingoni, upande wa mashariki, iliyoshuka chini kupita zote, Eads alitia mashini ya kupandisha watu, wasichoke kwa ngazi. Mambo yakawa afadhali.

Lakini sababu yenyewe hakuna aliyeijua. Leo inajulikana. Chini ya nguvu kubwa, hewa ya azoti inaingia na kuyeyuka ndani ya damu. Mtu akipanda polepole, azoti inatoka kwa njia ya mapafu bila madhara. Akipanda kwa haraka, inageuka kuwa mapovu ndani ya damu, sawasawa na chupa ya limonade inapofunguliwa ghafula. Mfaransa Paul Bert ndiye aliyeeleza vizuri jambo hilo, katika kitabu chake cha mwaka 1878. Wale watu wa St. Louis walikuwa wamekufa miaka minane mbele.

Tazameni jambo hili vizuri. Mchanga unataka mbio: ukipanda polepole, unaanguka. Damu ya mtu inataka polepole: ukiipandisha kwa mbio, inakufa. Ndani ya nguzo moja, katika siku moja, Eads alipandisha mchanga kama inavyofaa, na wote pale, daktari pamoja, walipandisha watu kama haifai. Haikuwa ubaya, ilikuwa kutojua. Pompi ile iliwaokoa watu na siku nyingi za kazi chini, na bila shaka iliokoa maisha. Lakini waliokufa walikufa, na daraja limesimama juu ya kazi yao pia. Mtu akihesabu metre kube za mchanga, awahesabu nao.

7. Mdomo wa mto

Daraja lilifunguliwa tarehe 4 Julai 1874. Siku mbili mbele yake Eads alilijaribu mbele ya watu wote: akapitisha juu yake mashini 14 za gari la moshi. Halikutikisika. Magari yanapita juu yake mpaka leo, na treni za mji zinapita chini ya barabara yake.

Hakupumzika. Kule mto Mississippi unapoingia baharini, mchanga ulikuwa unaziba njia, na meli kubwa zilikwama. Mto ukifika pale unapanuka, unapunguza mbio, unaangusha mzigo wake. Wakubwa wa mainjenieri ya jeshi walitaka kuchimba mfereji mwingine. Eads akasema kwamba mto utajichimba wenyewe kama utabanwa. Akaahidi kujenga kuta mbili ndani ya maji katika mdomo ulioitwa South Pass, tena akakubali kutolipwa mpaka maji yafike vipimo vilivyoandikwa katika mapatano.

Alianza katika mwaka 1875. Alisuka mikeka mikubwa ya matawi ya miti, akaizamisha kwa mawe, mmoja juu ya mwingine. Mchanga wa mto wenyewe ukajaza matundu yake. Kati ya kuta hizo mto ukabanwa, ukapata mbio, ukaanza kufagia mchanga mpaka bahari kuu. Pale palipokuwa na maji ya metre mbili na nusu tu, katika mwaka 1879 palikuwa na metre 9. Katika mwaka 1878 homa ya manjano iliwapiga wafanyakazi wake, na kazi ikasimama kwa muda, lakini haikufa.

Mnaona? Ni pompi ile ile. Mwanya mwembamba, maji ya mbio, mchanga unabebwa. Tofauti ni kwamba safari hii mto mzima ulikuwa ndio tiyo.

8. Mwisho wake

Katika mwaka 1884 Waingereza walimpa medali ya Albert, naye alikuwa Mmarekani wa kwanza kuipata. Miaka yake ya mwisho alipigania wazo la kuvusha meli nzima juu ya reli katika nchi ya Mexico, kutoka bahari moja mpaka nyingine, lakini halikufanyika. Kifua kikazidi kumsumbua. Alikufa Nassau, katika visiwa vya Bahamas, tarehe 8 Machi 1887, akiwa na miaka 66. Alizikwa St. Louis, mji alioufikia mikono mitupu.

Kwetu Kongo jambo la uji wa mchanga siyo geni. Katika viwanda vya Katanga mawe ya shaba yanasagwa, yanachanganywa na maji, na uji wake unasukumwa ndani ya matiyo. Katika mito yetu watafuta dhahabu wananyonya mchanga kwa mashini, na vijana wanazama chini ya maji wakivuta hewa kwa tiyo nyembamba. Pompi zao siyo zote za namna ya Eads, lakini kanuni ni ile ile, na hatari ni ile ile. Mwenye pompi huangalia mchanga unaotoka. Ni lazima mtu mwingine aangalie kijana aliye chini: ameingia saa ngapi, amefika metre ngapi, na anapandishwa namna gani.

Basi, wanafunzi wa fizika, mwalimu akiandika ubaoni habari za mbio ya maji na nguvu ya hewa, msidhani ni maneno ya mtihani tu. Kuna watu waliolipa bei yake.